Bomba Jeupe Nyuma ya Chumba cha Figo

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyenawa mikono, aliyepika uji wala aliyesafisha choo katika hospitali ile bila maji kupita kwanza mikononi mwa mtu mmoja. Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili la utumishi, na kwingineko halikutumika. Kuanzia mganga mkuu hadi mlinzi wa getini, wote walimwita Koki, kwa kuwa kila alipotafutwa alikutwa kwenye koki fulani, anaifungua, anaifunga, au ameinamia anaisikiliza.

Karakana yake ilikuwa chumba chembamba kati ya bohari na tanuri la kuchomea taka. Spana zilining'inia ukutani kwa kufuata ukubwa, na nyuma ya kila moja alikuwa amechora umbo lake kwa wino mzito, ili aliyeazima bila kurudisha aone aibu akipita. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza choo cha wodi ya wanaume kimepatwa na nini, alijibu, "Kimelishwa kisichokula," akaendelea na kazi.

Maneno ya nyumba ile yote alikuwa nayo mkewe. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini, na karibu nusu ya manesi wa hospitali walijifunzia kuandika mbele ya macho yake. Aliwakumbuka wote, na alikumbuka pia nani alikuwa anajikojolea. Kila mtu alimwita Mwalimu, mumewe akiwa mmojawapo. Yeye alimwita mumewe Fundi. Walijaliwa binti mmoja, mshonaji, aliyekuwa ameolewa upande wa pili wa mji na kupata watoto wawili.

Ugonjwa ulianzia miguuni. Mwalimu alidhani ni kusimama sana darasani. Ulipopanda hadi usoni na macho yakawa yanafumba kwa uvimbe, walikwenda kupima, na daktari akawaambia kwamba figo zote mbili zimechoka.

"Haziwezi kupewa likizo?" Mwalimu aliuliza.

Daktari hakucheka. Tangu hapo, kila Jumatatu na Alhamisi, Mwalimu alikaa saa nne kwenye kiti cha chumba cha figo, damu yake ikitoka kwa mrija mmoja kwenye mshipa wa mkono uliokuzwa kwa upasuaji, ikipita kwenye mashine na kurudi kwa mrija mwingine. Mashine zilikuwa tano, na wagonjwa waliingia kwa zamu mbili kwa siku. Kabla ya kukaa alipandishwa kwenye mizani, kwa sababu mwili wake haukuwa na njia nyingine ya kutoa maji. Alichokunywa tangu mara ya mwisho ndicho kilichosomeka pale. Aliruhusiwa vikombe viwili kwa siku, chai na mchuzi vikiwa ndani ya hesabu.

"Nimeolewa na mwenye maji," aliwaambia manesi, "halafu nyumbani napimiwa kama dawa ya kikohozi."

Manesi walicheka. Koki, aliyekuwa amemshikia mkoba, hakucheka. Ndiye aliyempimia.

Sasa, mji ule ulipata maji kwa zamu. Maji yaliingia kwenye tangi la zege la hospitali siku tatu kwa wiki, mara nyingine mbili, na miezi ya kiangazi yakija siku moja watu walishukuru. Koki ndiye aliyeyagawa. Aliyapeleka kwanza chumba cha upasuaji, kisha wodi ya wazazi, kisha chumba cha figo, kisha jikoni, kisha wodini. Udobi ulikuwa mkiani. Ulifua siku mbili kwa wiki, na siku nyingine shuka zilirundikana kwenye korido hadi dirishani, na wagonjwa wakalala juu ya magodoro ya plastiki yanayonata mgongoni. Mkuu wa udobi alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Walimwita Bibi Foronya. Kila Koki alipofunga koki ya udobi, mama huyo alitoka nje na kumtolea povu mbele ya watu, akimwita mchawi wa maji. Koki alisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, akafunga.

Nyuma ya chumba cha figo kulikuwa na bomba jeupe. Koki mwenyewe ndiye aliyelifunga, mashine zilipoletwa, miaka miwili kabla Mwalimu hajaugua. Wataalamu waliokuja nazo walimwonyesha mahali pa kutoboa ukuta wakamwambia, "Hili ni la kumwaga tu." Akatoboa, akalipitisha, akalielekeza kwenye mfereji wa wazi, akaondoka. Bomba likamwaga tangu siku hiyo, asubuhi hadi jioni, siku sita kwa wiki.

Mkewe alipokuwa kwenye mashine, Koki alipenda kusimama pale nyuma. Palikuwa na kivuli, na hakuna aliyemfuata kumweleza habari za choo. Alisimama akiliangalia bomba lile bila kuliona. Alichofanya tu ni kusogeza viatu visirushiwe, maana aliamini ni uchafu wa damu za watu.

Alhamisi moja ya kiangazi, saa moja na nusu baada ya Mwalimu kuunganishwa, tangi lilikauka. Koki alikuwa amelipima kwa kijiti asubuhi na kuamini litafika jioni. Halikufika. Mashine zote tano zilianza kulia kwa pamoja, manesi wakakimbia huku na huku wakirudisha damu za watu miilini mwao, na wagonjwa wakatolewa kwenye viti wakiwa nusu nusu. Maji ya Ijumaa hayakuja. Jumatatu chumba hakikufunguliwa kabisa.

Jumanne asubuhi Mwalimu hakuweza kulala wala kusema. Aliketi mezani, kichwa juu ya mito miwili, akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, na kila pumzi ilikuwa na mlio wa maji ndani yake. Koki na mkwewe walimbeba kwenye kiti hadi barabarani. Alikaa kwenye oksijeni kutwa na siku ya pili yake hadi mchana, gari la maji lilipofika, na yeye ndiye aliyewekwa wa kwanza kwenye mashine. Walimtoa kilo nne na nusu za maji.

Siku hiyo Koki alikwenda nyuma, akasimama mahali pake. Bomba lilikuwa linamwaga maji ya lile gari. Alisimama muda mrefu. Ndipo akatoka fundi wa mashine, binti mwenye miwani aliyeajiriwa mwaka huo, amekuja kuangalia kama mfereji umeziba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, haya maji yana nini?"

"Haya? Hayana kitu."

"Hayana kitu vipi, na yametoka kwa wagonjwa?"

Binti akataka kucheka, akauona uso wa mzee, akaacha. "Haya hayajafika kwa mgonjwa. Ya mgonjwa yanapita bomba la kijivu, lile la ndani, yanakwenda moja kwa moja kwenye maji taka. Haya yanaishia kwenye chujio. Maji yakitoka kwenye tangi lako yanachujwa mara kadhaa, halafu yanasukumwa kwa nguvu kwenye chujio la mwisho. Yanayopenya ndiyo tunayotumia kwenye mashine. Yasiyopenya yanatoka hapa. Yamezidi chumvi kidogo tu kuliko ya bombani."

"Yasiyopenya ni mangapi?"

"Nusu. Nusu na ushei."

Koki alikinga mkono, akaonja. Yalikuwa maji.

"Tangu lini?"

"Tangu mashine zifungwe, mzee. Mimi nilidhani mnajua."

"Nani?"

"Nyinyi wa maji," binti akasema, akarudi ndani.

Kesho yake Koki alikuja na ndoo ya lita ishirini na saa ya mkono. Ndoo ilijaa kwa dakika sita na nusu. Akarudia mara tatu, saa tatu, saa saba na saa kumi, maana hakupenda kuamini kipimo kimoja. Mtambo wa kuchuja ulifanya kazi jumla ya saa kumi kwa siku, kwa hiyo siku moja bomba lilimwaga karibu lita elfu moja na mia nane. Udobi mzima, siku ya kufua, ulitumia elfu tatu. Akakaa karakanani, akaziweka namba zile kwenye karatasi ya daftari. Kwa wiki, bomba jeupe lilikuwa linatupa karibu mara mbili ya maji yote aliyokuwa akiwapa watu wa udobi. Na kama udobi ungekula ya bomba jeupe, tangi kubwa lingebakiwa na maji ya kuendesha chumba cha figo siku moja na zaidi ya nusu, kila wiki, mwaka mzima.

Aliikunja karatasi akampelekea katibu wa hospitali.

"Mzee Koki, hili ni wazo zuri sana," katibu akasema. "Liandike."

"Nimeliandika. Ndilo hilo."

"Liandike rasmi. Likae mbele ya kamati."

Kamati ilikaa mara moja kwa mwezi. Mwezi ule iliahirishwa kwa sababu katibu alikuwa likizo. Uliofuata wajumbe walikuja, wakaanza kulizungumza, na Bibi Foronya, aliyeitwa kama mtumiaji, akasimama.

"Nimefua shuka za hospitali hii tangu sijaota mvi," alisema. "Nimefua damu, nimefua matapishi, nimefua na vingine nisivyovitaja mbele ya chakula chenu. Lakini kufulia maji ya figo za watu, shuka za watoto wachanga, hapana. Afue aliyeleta wazo."

Koki alijaribu kueleza. Maneno yalimtoka vipande vipande, chujio, maji yaliyotemwa, chumvi, bomba la kijivu, na kila alivyoeleza ndivyo wajumbe walivyozidi kukunja nyuso. Kamati ikasema jambo liangaliwe zaidi.

Kati ya siku aliyopeleka karatasi na siku hiyo, Mwalimu alikuwa amekosa mashine mara mbili tena.

Jioni Koki alimsimulia mkewe, kwa maneno kumi au kumi na mbili. Mwalimu alimsikiliza akimumunya kipande cha barafu, mbinu aliyofundishwa na nesi, kwamba barafu hudanganya kiu kuliko kunywa.

"Ulisema 'maji yaliyotemwa'?" akauliza.

"Ndivyo yanavyoitwa."

"Fundi, wewe ungekuwa mwalimu watoto wote wangefeli. Nani anataka kufulia mate?"

Alhamisi, alipotolewa kwenye mashine, hakutaka kupelekwa nyumbani. Alitaka udobini. Ilikuwa hatua sitini tu, na alipumzika mara mbili njiani. Koki alimfuata na kiti mkono mmoja na ndoo ya maji ya bomba jeupe mkono wa pili. Wanawake wa udobi waliacha kazi. Bibi Foronya alikuja akijifuta mikono, na kwa kuwa mwanawe wa kwanza alipita darasani kwa Mwalimu, aliinama akamsalimu kwa heshima.

Mwalimu aliketi, akavuta pumzi, akavua kitambaa chake cha kichwa. Kilikuwa cha rangi ya zambarau, binti yake alimshonea. Nywele zilikuwa zimepungua na hakujali. Alikitumbukiza kitambaa kwenye ndoo, akaomba sabuni, akakifua pale pale mbele yao, taratibu, mkono wenye mshipa wa mashine akiuinua usilowe. Akakikamua. Akakivaa hivyo hivyo kikiwa kibichi, maji yakamtiririka shingoni.

"Bibi, wewe husema humu mna figo za watu," akasema. "Nimejipaka kichwani. Kama ni kweli labda nitaota moja."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akapasuka kicheko, wakafuata wengine, na Bibi Foronya akajizuia, akajizuia, akashindwa, akacheka hadi akaegemea mashine ya kukamulia. Alipojifuta machozi hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Naomba sabuni nione," akasema. Akafua taulo moja, akatazama povu, akafua la pili. "Mbona inashika kuliko siku zote?"

"Yanakuwa yameshalainishwa kule ndani," Koki akasema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza.

Kamati iliitwa tena wiki ile, ikakubali kwa shingo upande. Mtu wa maabara alipima mara mbili akasema ni salama kwa kufulia, ila kwa kuwa klorini imeshaondolewa, maji yale yasilale kwenye tangi kupita siku moja, na tangi lifunikwe. Koki hakusubiri kuletewa vifaa. Juu ya paa la chumba cha zamani cha upasuaji kulikuwa na tangi la plastiki lililopasuka shingoni. Alilishusha kwa kamba, akalichomelea, akalijaza maji akalilinda siku mbili kama mgonjwa wa upasuaji. Akachimba mtaro wa hatua sitini. Udobi ulikuwa chini kidogo ya chumba cha figo, hivyo hakuhitaji pampu, maji yangejiendea yenyewe. Alifanya kazi kutwa bila kupumzika, na aliyemwambia apumzike hakujibiwa. Siku ya kumi na sita alifungua koki, na maji yakaingia udobini.

Shuka zikawa zinafuliwa kila siku. Rundo la korido liliisha kwa wiki moja, na rangi ya ukuta ikaonekana, kijani, ambayo watumishi wapya hawakuwa wameiona. Na chumba cha figo hakikufungwa tena. Kiangazi kilikuwa hakijaisha, mji ulikuwa unapewa maji siku moja kwa wiki, na mashine zote tano zilifanya kazi.

Ila moyo wa Mwalimu ulikuwa umeshaharibika. Daktari alimwita Koki pembeni akamweleza kwa upole. Kila mara mwili ulipojaa maji bila kutolewa, moyo ulivutika kama mpira wa nguo ya ndani iliyovaliwa sana, na sasa haurudi tena. Mashine ingeendelea kumsafisha damu. Moyo haikuweza kuutibu.

"Ni zile mara alizokosa?" Koki akauliza.

"Ni mengi kwa pamoja," daktari akasema. Koki alifanya kazi na madaktari miaka ishirini na miwili. Alijua jibu la namna hiyo lina maana gani.

Mchana mmoja wa Jumapili, nyumbani, Mwalimu akiwa ameegemezwa kitandani kwa mito, Koki alikuja akakaa ukingoni. Aliizungusha kofia mikononi hadi mkewe akachoka kumngoja.

"Sema basi. Umekaa kama mtoto aliyevunja kioo."

"Lile bomba," akasema. "Nililifunga mimi. Nilikuwa nasimama pale. Wewe uko ndani, mimi nimesimama pale, miaka miwili. Na miwili kabla yake nilikuwa napita tu."

"Hukujua."

"Sikuuliza."

Mwalimu alimtazama, na Koki aliona kwamba jambo lile lilikuwa limemgusa kweli, kwamba hakuwa amelifikiria hivyo kabla. Uso wake ulibadilika, kisha ukarudi.

"Ni kweli," akasema. "Hukuuliza. Sasa nikupe adhabu gani? Ukasimame kona?"

Alitaka kucheka, akakosa pumzi. Alipoipata tena alisema, "Nina kiu, Fundi." Siku hiyo vikombe viwili vilikuwa vimeshaisha. Koki alimletea cha tatu, akamnywesha kijiko kwa kijiko.

Alifariki Jumanne mchana, wodini, wiki ya tisa tangu maji yaanze kwenda udobini. Binti yao alikuwa amemshika mkono mmoja na Koki mwingine, ule wenye mshipa wa mashine uliokuwa ukinguruma chini ya ngozi kutwa kucha. Alihisi unapopungua, na alihisi unaponyamaza. Bibi Foronya alikuja mwenyewe na shuka. Hakumpa nesi. Alimfunika kwa mikono yake, akazikunja pembe vizuri, akasimama pembeni.

Baada ya mazishi Koki alirudi kazini siku ya nne. Aliomba jambo moja tu, kwamba matengenezo ya ndani ya chumba cha figo apewe mwenzake. Kazi yenyewe hakuipunguza. Aliona maji ya suuza ya mwisho ya udobi nayo yanatoka karibu meupe, akayachimbia mtaro mwingine hadi kwenye vyoo vya wodi mbili. Kwa hiyo maji yaliyoingia chumba cha figo asubuhi yalifua shuka mchana na kusukuma choo jioni. Hakumweleza mtu. Watu walijua tu kwamba vyoo vimeacha kunuka.

Katibu alijua zaidi. Miezi minane baadaye alialika wageni, wakuu wa hospitali nyingine na watu wa mamlaka ya maji. Tangi lilipakwa rangi ya buluu na kuandikwa TANGI LA MWALIMU. Binti wa marehemu alialikwa, akaja amevaa nguo aliyoishona kwa ajili ya siku ile, na watoto wake wawili wamekaa mbele. Katibu aliongea kwa kirefu juu ya uchumi wa mzunguko, jinsi ambavyo tone moja likitumika mara tatu linakuwa matone matatu, na jinsi uongozi ulivyokuwa na maono. Wageni waliandika. Kisha mmoja wao, mama wa mamlaka ya maji, akaomba kumsikia fundi.

"Mzee, hebu tueleze, wazo hili ulilipataje?"

Koki alisimama. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili.

"Sikuwa na wazo," akasema. "Maji yalikuwa yanamwagika hapo miaka minne. Bomba nilifunga mimi. Mke wangu akakosa mashine kwa sababu ya maji, na mimi nimesimama karibu na maji. Ndiyo nikauliza yana nini. Kama ningeuliza mapema angekaa zaidi. Ni hayo."

Akakaa. Katibu alikohoa, akawakaribisha wageni kwenye viburudisho. Watu waliinuka haraka kuliko walivyokuwa wamekaa.

Binti yake alimkuta nyuma ya udobi.

"Baba, ulichosema pale ni kweli?"

"Kweli."

"Mama alijua?"

"Nilimwambia."

"Mimi hukuniambia. Nimekuja na wanangu, nimesimama kupigwa picha na tangi, nikapiga makofi. Nasikia pamoja na wageni." Sauti ilikuwa ya chini, na kwa hilo alifanana na baba yake. "Ulidhani mimi ni nani?"

Binti aliwachukua watoto, akaondoka kabla ya viburudisho.

Hakuja kwa miezi mitano. Wajukuu waliletwa na baba yao, Jumamosi, kwa saa moja tu, na mkwe alikaa mlangoni akizungumza habari za mvua ambayo haikuwepo. Koki hakumwuliza kitu. Nyumbani alipika chungu kimoja kikamtosha siku mbili. Sehemu ya kitanda ya mkewe aliiacha na mito yake. Kazini walisema amezidi kunyamaza, ingawa wengi hawakuona tofauti.

Mvua ilinyesha hatimaye, kidogo, na Jumapili moja baada ya mvua binti alikuja peke yake kwa miguu. Alimwamkia, akaingia jikoni, akaona chungu kile kimoja, akakisugua ingawa kilikuwa safi. Wakala. Binti alipomaliza akasema, "Nipeleke nipaone."

Walikwenda. Hospitali siku ya Jumapili ilikuwa tulivu, chumba cha figo kimefungwa. Koki alimpitisha nyuma, kwenye kivuli. Hapakuwa na cha kuona. Bomba jeupe lilikuwa sasa limekunjwa kwa kiwiko na kuzama ardhini, na mfereji wa zamani ulikuwa mkavu, una majani na kifuniko cha chupa. Binti aligeuka huku na huku, kama anatafuta mahali pengine.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

"Padogo hivi."

Alisimama mikono kifuani. Halafu akauliza, bila kumtazama, "Alikosa mara ngapi jumla? Kwa ajili ya maji tu."

"Tisa."

"Mimi nilihesabu saba."

"Mbili hukuambiwa. Mama yako alikataza. Ulikuwa umejifungua."

Binti alifunga macho. Koki alisogea nusu hatua, akasita, akabaki hapo. Kutoka wodi ya wazazi ilisikika sauti ya nesi akimwita mtu, na mlango ukafungwa.

"Twende," binti akasema. "Nguo zake bado ziko kabatini, sivyo? Leo nitazikunja."

Walirudi nyumbani, yeye mbele, baba yake nyuma kidogo. Walizikunja pamoja hadi jioni, moja moja, na kwa kuwa Koki hakujua kukunja nguo za kike, binti alizirudia zote alizokunja baba yake.